Mwaka Tulipofungua Darasa la Tisa

Shule yetu iliishia darasa la nane. Ilikuwa shule ndogo ya wazazi pale Flemingdon Park, mtaa wa Toronto, vyumba vichache tulivyopanga katika ukumbi wa jumuiya nyuma ya maghorofa, na watoto wake wengi walikuwa wa watu waliotoka Tanzania, Kenya, Kongo na Somalia. Kila mwezi wa sita tulifanya mahafali. Akina mama walipika pilau, akina baba walipanga viti, watoto wa darasa la nane wakaitwa mmoja mmoja mbele wakiwa wamevaa nguo mpya, na picha zikishapigwa wanaondoka. Mwezi wa tisa walikuwa wanaanza sekondari za serikali, kila mmoja na yake, sisi tukabaki na wadogo zao.

Mimi nilifundisha sayansi. Kabla ya kuja Kanada nilikuwa mwalimu wa baiolojia katika sekondari ya wasichana, shule ya bweni kule Morogoro, nikishika kidato cha tano na cha sita. Nilipofika Toronto nilirudi kusoma ili nipate leseni, na nafasi ya kwanza kupata ilikuwa hii. Niliwapenda wale watoto. Tuliotesha maharage kwenye pamba, tukahesabu miguu ya buibui. Lakini nilikuwa na hamu ya wasichana wakubwa, wale wa umri wa kukuuliza swali likakufanya uweke chaki chini na kufikiri. Niliwakumbuka hasa saa za mchana, darasa likiwa limetulia, nilipokuwa nikitazama nje na kuona magari yakipita barabara ya Don Mills kwa foleni moja isiyokwisha. Nilikuwa nikijiambia kwamba kule sasa ni usiku, wameshatoka kujisomea, wamelala.

Wazo la kufungua sekondari lililetwa na mama mmoja Mkongo. Binti yake mkubwa alikuwa amepita kwetu, na katika hesabu hakuwa na mpinzani. Mama huyu alikuja shuleni jioni moja akiwa bado na sare ya kazi, akakaa kwenye kiti cha mtoto, akatueleza kwa Kiswahili chake chenye Kifaransa ndani kwamba binti sasa yuko darasa la kumi na moja, na ndiyo kwanza ameambiwa kwamba masomo anayosoma hayampeleki chuo kikuu. Alipoingia darasa la tisa walimpanga katika mchepuo wa chini. Karatasi ilikuja nyumbani, mama akatia sahihi, kwa sababu alidhani mwalimu anajua.

Mwalimu mkuu wetu alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Alikuwa mwanamke wa asili ya Kihindi, Mshia, mzaliwa wa Tanga, ambaye wazazi wake walikuwa na duka la vitambaa huko. Kiswahili chake kilikuwa kitamu kiasi kwamba changu cha bara nilikisikia kikikwaruza. Alikuwa amefundisha shule za serikali hapa kwa miaka mingi kabla ya kuja kwetu, na habari ya michepuo hakuisikia kwa mara ya kwanza siku ile. Yule mama alipoondoka, alimimina chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa yake, akanipa kikombe, akasema, "Mwalimu, tunawalea mpaka mlangoni, halafu tunawaachia hapo hapo."

Nilimaliza chai yangu. Lakini usiku ule nilimwambia mume wangu kwamba nadhani tutafungua sekondari, na kwamba nitafundisha baiolojia. Aliniangalia, akasema hajaniona na uso ule tangu tuondoke Morogoro.

Ilituchukua karibu miaka miwili. Kulikuwa na mikutano ya wazazi, na si wote waliounga mkono. Baba mmoja kutoka Kenya, mtu mpole anayefanya kazi ofisini mjini, alisema watoto waliolelewa kwa mikono ya mama zao hadi wafike chuo kikuu watazama siku ya kwanza. Alisema waacheni wakapigwe na baridi mapema. Alikuwa na hoja, na wengi waliitikia kwa vichwa. Mwalimu mkuu akawauliza ni wangapi kati yao waliowahi kuelezwa maana ya mchepuo. Hakuna aliyenyoosha mkono. Mkutano ule ndio ulioamua.

Flemingdon hapakuwa na nafasi tuliyoweza kuimudu. Tulipata mahali Downsview, ghorofa ya juu ya jengo lililokuwa zamani ofisi za kiwanda cha magodoro, kati ya maghala na karakana. Kutoka kwetu ilikuwa mabasi mawili na treni. Madirisha yalitazama uwanja wa malori. Lakini vyumba vilikuwa vikubwa, na kimojawapo kilikuwa na mabomba ya maji na sinki ndefu, na nilipoona sinki ile nilisimama mlangoni nikashindwa kuingia mara moja. Mwalimu mkuu alinishika kiwiko. "Haya, ingia," alisema. "Maabara yako hiyo."

Binti yangu alikuwa darasa la saba wakati huo. Ndiye mtoto wetu pekee. Alikuja Kanada akiwa na miaka minne, na alikuwa kama watoto wote waliokulia hapa: nikimsemesha Kiswahili anaelewa kila neno, ananijibu kwa Kiingereza. Tangu chekechea alikuwa katika shule yetu. Kila asubuhi tuliteremka pamoja kwa lifti, tukavuka maegesho pamoja, na jioni tukarudi pamoja. Sikuwahi kulifikiria jambo hilo kama zawadi. Ilikuwa njia tu ya kwenda kazini.

Majira yale ya baridi, Jumamosi nyingi tulikwenda Downsview kuandaa jengo. Mume wangu, ambaye aliendesha gari la kusambaza mikate, alitupeleka kwa gari la kazi, na mimi na binti yangu tulikaa mbele tumebanana, harufu ya mkate imejaa nguo zetu. Wazazi wengine walitengeneza meza. Sisi wawili tulipewa maabara kuipaka rangi. Binti yangu alichagua kijani, kijani kibichi kabisa ambacho mimi nisingekichagua, na tulipaka ukuta mzima tukiwa tumevaa mifuko ya plastiki kichwani. Aliimba. Alinifundisha maneno ya wimbo wa Kiingereza uliokuwa ukipigwa kila mahali mwaka ule, nikawa nayakosea makusudi ili anicheke. Nje theluji ilikuwa ikishuka juu ya malori yaliyoegeshwa. Alipochoka alilala juu ya makoti yetu, nami nikamalizia kona ya mwisho.

Nilikuwa nikimjengea yeye. Nisingelisema hivyo mbele ya wazazi wengine, na wanafunzi wengine niliwatakia mema yote, lakini kila nilipowaza darasa lile nilimwona yeye amekaa safu ya pili, mkono juu, akiniuliza.

Mwaka uliofuata, alipokuwa darasa la nane, ukafika wakati wa kujiandikisha sekondari. Tulikuwa mezani, baba yake akiwa bado kazini. Nilikuwa nimepika ndizi na nyama. Alikula kidogo, akaweka uma, kisha akaanza kuzungumza kwa Kiswahili. Kwa hilo tu nikajua kuna jambo.

"Mama," alisema, "mimi sitaki Downsview. Mimi nataka shule ambayo haijui mimi."

Nilimwuliza ana maana gani. Alitafuta maneno, akayakosa, akarudi kwenye Kiingereza. Alisema tangu akiwa mdogo yeye ni mtoto wa mwalimu. Wenzake wakivunja kitu wanamgeukia wakitaka kujua kama atasema. Akipata alama nzuri, wanasema ni kwa sababu ya mama yake. Alisema kuna sekondari ya serikali yenye bendi kubwa ya muziki, na kwamba anataka kujifunza tromboni, lile tarumbeta refu la kusukuma na kuvuta. Sikujua hata kwamba aliijua tromboni.

Nilimkumbusha mchepuo. Akanijibu kwamba mchepuo ameshauelewa, kwani amenisikia nikiueleza kwenye kila mkutano kwa miaka miwili, na kwamba ameshaandika kwenye fomu masomo yote ya kumpeleka chuo kikuu. Akanionyesha. Yote yalikuwa sawasawa. Nilitafuta kosa nisilione.

"Ukuta wetu je?" nilimwuliza. Ndilo jambo pekee lililonijia.

Machozi yalimlenga, lakini hakulia. "Ukuta ni mzuri, Mama," alisema kwa Kiswahili.

Mume wangu aliporudi tulikaa jikoni tukazungumza kwa sauti ya chini. Nilitegemea atanisaidia kumshawishi. Alinisikiliza, akavua viatu, akasema mtoto ameomba jambo la heshima kwa njia ya heshima, na kwamba mimi nilitoka kwetu kwenda bweni nikiwa mdogo kuliko yeye. Nilisema bweni lilikuwa jambo jingine. Akaniuliza lilikuwa jingine kwa nani, kwangu au kwa mama yangu. Mama yangu alikuwa ananisindikiza hadi stendi na kurudi kabla basi halijaondoka, na mimi miaka yote nilidhani alikuwa na haraka ya shamba.

Basi, mwezi wa tisa binti yangu alikwenda huko alikotaka, na mimi nikaenda Downsview. Tuliteremka kwa lifti pamoja siku ya kwanza. Nje ya mlango yeye akashika kushoto, mimi nikaenda kusubiri basi la barabara ya Eglinton. Alikuwa na begi jipya mgongoni. Aligeuka mara moja akanipungia, kisha akakutana na wasichana wawili nisiowajua, na wakaanza kutembea wakizungumza wote kwa pamoja.

Darasa la tisa letu lilianza na wanafunzi kumi na mmoja. Mdogo wa yule binti Mkongo alikuwa mmojawapo, msichana mwenye sauti nzito na maswali yasiyokwisha. Siku ya kwanza nilipoingia maabara, wakasimama wote kunisalimu kama nilivyokuwa nimezoea Morogoro, ingawa hakuna aliyewafundisha; nadhani mwalimu mkuu aliwanong'oneza. Nilichora seli ubaoni. Mkono wangu ulikumbuka wenyewe. Yule msichana akauliza, kama kila seli inatoka kwenye seli nyingine, ya kwanza ilitoka wapi? Nikaweka chaki chini.

Nilikuwa na furaha. Ninasema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu hamu haikuniondoka hata hivyo. Wasichana walipocheka kwenye korido niligeuka. Nilipokuwa nikisahihisha kazi zao nilijiuliza mwanangu amepewa kazi gani, na amepewa na nani. Jioni nilimkuta nyumbani ameshakula, yuko chumbani na mlango umefungwa, tromboni ikilia kama lori linalorudi nyuma. Nilisimama koridoni na koti langu nikisikiliza. Nilipobisha aliacha kupiga, akanieleza kwa maneno mawili matatu siku yake ilivyokwenda, akasubiri niondoke ili aendelee.

Mkaguzi wa wizara alikuja mwaka ule. Bila kibali chake masomo yetu yasingetambulika na vyuo, na kazi yote ingekuwa bure. Alikaa siku nzima akipitia mitihani na mipango ya masomo, akasimama nyuma ya darasa langu na miwani yake kwenye ncha ya pua. Jioni alizungumza na mwalimu mkuu faragha. Sisi walimu tulisubiri kwenye ngazi. Mwalimu mkuu alipotoka alikuwa mtulivu kama siku zote, akasema tumepata, kisha akakaa kwenye ngazi karibu yangu na kuanza kulia kimya kimya, akijipangusa kwa ncha ya mtandio. Nilimshika mkono. Nilitaka kumpigia simu mwanangu nimweleze, nikakumbuka kwamba saa ile ana mazoezi ya bendi.

Jioni ya wazazi shuleni kwake niliwahi kwenda mara moja tu, kwani nyingine ziliangukia siku za kwetu. Nilipanga foleni na wazazi wengine katika ukumbi wa michezo. Mwalimu wake wa baiolojia alikuwa kijana mwenye tai iliyolegea. Alinieleza kwamba binti yangu ni mkimya lakini ana akili, na akanishauri nimhimize kusoma nyumbani. Nikamshukuru. Hakuniuliza ninafanya kazi gani, nami sikumwambia. Kwenye ukuta wa nje ya chumba cha muziki kulikuwa na picha ya bendi, na mwanangu yuko katikati, kinywa wazi, anacheka na mtu aliye nje ya picha. Niliiangalia sana ile picha, hata mfagiaji akanizunguka.

Alipokuwa darasa la kumi na moja, kuna Ijumaa shule za serikali zilifungwa kwa ajili ya mafunzo ya walimu, yetu ikawa wazi. Asubuhi nilimkuta amevaa, amekaa karibu na mlango. Aliuliza kama anaweza kuja nami. Njiani hatukuzungumza sana. Kwenye treni aliegemeza kichwa begani kwangu akasinzia, na nilikaa bila kusogea hadi kituo cha mwisho, bega limekufa ganzi.

Siku ile tulikuwa tunapasua mioyo ya kondoo niliyoinunua kwa mchinjaji wa halali. Alikaa nyuma. Niliwaonyesha wanafunzi milango ya moyo, nikamwita yule msichana Mkongo aingize kidole chake kwenye mshipa mkubwa aone unakotokea. Kidole kilipotokeza kwenye moyo wenyewe alipiga kelele, darasa zima likacheka, na mimi nikacheka nao. Nilimtupia jicho mwanangu. Hakuwa anautazama moyo. Alikuwa ananitazama mimi.

Tulipokuwa tukirudi, basi lilisimama kwenye foleni karibu na daraja la barabara kuu. Aliniambia kwa Kiingereza, akiangalia nje, kwamba kule mimi ni mtu mwingine. Kwamba hakujua ninaweza kuwa mcheshi hivyo.

Nilimwuliza kama ninaweza kuwa mcheshi nyumbani pia.

Alifikiri. "Nyumbani unanikumbuka," alisema, safari hii kwa Kiswahili, na sikujua kama alikosea neno au alilichagua. Nilitaka kumwuliza, lakini basi likaondoka, na mwanamke mmoja mwenye mizigo akaja kusimama kati yetu.

Wanafunzi tisa kati ya wale kumi na mmoja walimaliza kwetu. Wawili walikuwa wamehamia miji mingine na wazazi wao. Mahafali yalifanyika Downsview, chini, katika ghala ambalo jirani alituazima kwa siku hiyo. Wote tisa walikuwa wamepata vyuo vikuu. Yule mama Mkongo alikuja na mabinti zake wote wawili. Yule mkubwa, ambaye tulichelewa kumsaidia, alikuwa amerudia masomo yake jioni katika shule ya watu wazima na sasa alikuwa mwaka wa pili wa uhasibu. Alimrekebishia mdogo wake kofia bila kusema neno. Baba yule kutoka Kenya aliyetupinga alikuja kunishika mkono, akasema anaomba tu wasizame. Nilimwambia hata mimi naomba hivyo hivyo.

Wiki ile ile mwanangu alimaliza kwake. Aliitwa katika msururu mrefu wa majina ukumbini, mwalimu akalitamka jina lake vibaya, na mimi na baba yake tukapiga makofi peke yetu kutoka safu za juu. Alikuwa amechagua chuo kikuu cha Halifax, upande wa mashariki kabisa, mwendo wa siku mbili kwa gari. Toronto kuna vyuo. Sikulisema. Baba yake alikodi gari dogo, tukampeleka, tromboni imelala kwenye kiti cha nyuma karibu yake. Tulimsaidia kutandika kitanda bwenini. Nilipoona chumba kile, vitanda viwili vyembamba na dirisha moja, nilimwambia mume wangu ni bora tuondoke mapema kuna foleni barabarani. Aliniangalia, akachukua funguo.

Shule yetu ipo hadi leo, na darasa la kumi na mbili linajaa. Mwalimu mkuu amestaafu, lakini huja kila mwezi wa tisa kuwasalimu wapya. Bado ninafundisha baiolojia. Kila mwaka kuna msichana anayekaa safu ya pili.

Mwanangu alimaliza chuo akapata kazi huko huko Halifax, katika maabara ya hospitali. Hupiga simu Jumapili. Alianza mwenyewe kunisemesha Kiswahili kwenye simu, polepole, akiuliza neno hili linasemwaje, na mazungumzo yetu huwa mafupi kwa sababu hiyo, na sipendi yaishe.

Msimu wa kupukutika majani uliopita nilikwenda kumtembelea peke yangu. Alinipokea uwanja wa ndege, akanipikia wali na samaki ambaye hakuiva vizuri, tukala wote. Siku ya pili tulitoka kununua vitu vya nyumbani. Tulipokuwa tukipanda kilima, mtu fulani ng'ambo ya barabara aliita kwa sauti, akitumia jina fupi ambalo mimi sijawahi kulisikia. Mwanangu aligeuka mara moja, uso wake ukafunguka, akaniachia mkono akavuka. Nilibaki na mfuko wa viazi, nikiwatazama wanakumbatiana na kucheka. Niliona anavyosimama, uzito wote mguu mmoja, kama baba yake. Kisha akanionyesha kwa kidole, na yule rafiki akaja kwangu ameshanyoosha mkono.

Nikaushika. Nikamwambia mimi ni mama yake, nimetoka Toronto, nimekuja kumwona.